Jinsi ya Kuwa Mwongozaji Mkubwa wa Filamu na Kufukuzwa Kila Studio

Vijana wengi wanaotaka kuongoza filamu hukosea tangu mwanzo: huenda kusoma. Wengine hununua kamera, wakashuti harusi za watu mpaka wapate mtaji wa kazi yao wenyewe. Njia hizo ni salama, na ubaya wake ndio huo huo usalama. Nani alishawahi kusimuliwa habari za mwongozaji aliyemaliza kazi kwa wakati na kurudisha chenji?

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unaingia kwenye sinema kama mwigizaji wa mkumbo, unapanda hadi kuwa mwandishi, mwongozaji na stelingi wa filamu moja, kisha unateremshwa ngazi zote mbele ya watu. Mwalimu wetu ni Erich von Stroheim, bingwa wa Hollywood wa enzi za sinema bubu. Alipewa filamu tisa aziongoze. Tatu aliondolewa kazi haijaisha. Nyingine tatu zilitwaliwa mikononi mwake zikakatwakatwa na watu wengine. Moja ilipotea na haijaonekana tena. Hizo mbili zilizobaki tumsamehe. Hakuna binadamu asiye na udhaifu.

Vifaa utakavyohitaji: miwani ya jicho moja, buti ndefu za mpanda farasi, glavu nyeupe, shingo iliyonyolewa ikabaki inang'aa, na fedha za mtu mwingine. Vinne vya kwanza vinaweza kuazimwa. Hicho cha mwisho sharti kiwe cha mwenyewe, yaani cha mwenyewe asiye wewe.

Hatua ya 1: Zaliwa upya safarini

Kuzaliwa mara moja hakutoshi kwa mtu anayetaka makubwa. Erich alizaliwa Vienna tarehe 22 Septemba 1885, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa mtengenezaji na muuzaji wa kofia. Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye daftari la vizazi. Mwaka 1909, mwezi wa Novemba, alipanda meli kwenda Marekani, na aliyeteremka bandarini New York alikuwa mtu mwingine: bwana mkubwa mwenye "von" katikati ya jina, mtoto wa ukoo wa kikabaila, afisa wa zamani wa wapanda farasi wa Mfalme wa Austria. Jeshini alikuwa amepita, ila kwa muda mfupi, na uafisa wa farasi aliuokota baharini.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakufika Hollywood. Njia ya huyu mwongo ilikuwa na urefu wa miaka arobaini na saba na ushee, kutoka New York hadi kaburini, na hakuna askari aliyemsimamisha.

Zingatia jambo moja: ukidanganya, danganya juu na mbali. Anayejidai ni mtoto wa mwenyekiti wa mtaa huumbuliwa kabla ya adhuhuri. Anayejidai ni mtoto wa kasri iliyoko ng'ambo ya bahari hukaribishwa chakula cha jioni.

Hatua ya 2: Anza chini, ila usionekane wa chini

Miaka ya mwanzo Amerika haikuwa na kasri. Erich alizunguka na vibarua vya kila namna, uchuuzi ukiwemo, mpaka akafika California, na kufikia 1914 alikuwa akibangaiza kwenye studio za Los Angeles. Alisimama katika umati wa waigizaji wa ziada wa D. W. Griffith, aliyekuwa akitengeneza *The Birth of a Nation*, filamu iliyotoka 1915. Baadaye alipenda kusimulia jinsi alivyoanguka kutoka juu ya paa ndani ya filamu hiyo. Watafiti wametazama paa hilo kwa makini na hawakubaliani kama aliyeanguka ni yeye. Usiwajali. Mwigizaji wa mkumbo asiye na hadithi ya kuanguka atakumbukwa kwa lipi?

Siri ya kupanda kutoka kwenye mkumbo ni kujua kitu kimoja ambacho bosi hakijui. Wamarekani wa wakati ule hawakuweza kutofautisha nishani ya Ujerumani na kifungo cha koti. Stroheim alijitokeza kuwasahihisha: nishani hii haivaliwi upande huu, afisa hapigi saluti hivi, buti hizi ni za kikosi kingine. Mwongozaji John Emerson alimchukua awe msaidizi wake katika *Old Heidelberg*, 1915, na Griffith akamtumia tena katika *Intolerance*, 1916. Hivyo ndivyo afisa wa uongo alivyogeuka mshauri wa kweli wa mambo ya jeshi. Ukitaka kuaminiwa kwa jambo ambalo hukulifanya, kuwa wa kwanza kumsahihisha aliyelifanya vibaya.

Hatua ya 3: Subiri vita

Hii ni hatua ngumu kidogo kupanga, kwa sababu vita hutangazwa na watu wengine. Marekani iliingia katika Vita Kuu ya Kwanza Aprili 1917, na ghafla kila mtu mwenye lafudhi ya Kijerumani alianza kunong'ona. Stroheim alipaza sauti. Kila filamu ya wakati huo ilihitaji Mjerumani wa kuzomewa, na huyu hapa, ana buti zake mwenyewe.

Kilele cha kazi hiyo kilikuwa *The Heart of Humanity*, 1918. Afisa wa Stroheim anamvamia muuguzi chumbani. Mtoto mchanga analia, kelele zinamkera, basi anamchukua na kumrusha nje ya dirisha, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya. Watazamaji walitoka ukumbini wakitafuta mtu wa kumpiga. Watangazaji wakambandika jina la biashara: Mtu Unayependa Kumchukia.

Hapa vijana wengi hulegea. Wanataka wapendwe. Mwalimu wetu aligundua kwamba anayependwa huulizwa kesho atafanya nini kizuri zaidi, ilhali anayechukiwa hulipiwa tiketi na watu wanaotaka kuhakikisha bado ni mbaya. Ubaya wa mpango huu ni kwamba vita huisha. Novemba 1918 silaha zilinyamaza, soko la Wajerumani wabaya likaanguka, na Stroheim akabaki na miwani ya jicho moja isiyo na mnunuzi.

Hatua ya 4: Ajira ikiisha, iandike mwenyewe

Mwigizaji asiye na kazi hukaa nyumbani akisubiri kuitwa. Stroheim aliandika hadithi, akaipa jina *The Pinnacle*, akaenda kwa Carl Laemmle, mwenye studio ya Universal, mhamiaji kutoka Laupheim, Ujerumani. Hadithi yenyewe: daktari Mmarekani na mkewe wako mapumzikoni milimani Alps, daktari anapenda milima kuliko mke, anatokea afisa wa Austria mwenye glavu safi na moyo mchafu, anayemwona mke ambaye mume hamwoni.

Ni nani angefaa kuigiza afisa huyo? Mwandishi alikuwa na pendekezo. Nani angefaa kuongoza? Mwandishi alikuwa na pendekezo hilo hilo. Laemmle alipiga hesabu: mtu mmoja, kazi tatu, na bei ni ya kutupa. Akakubali. Filamu ilitoka 1919 kwa jina la *Blind Husbands*, jina ambalo Stroheim alilichukia na kulilalamikia hadharani. Ilipata fedha nzuri, na sifa juu yake.

Mtazame Laemmle anavyotabasamu hapa. Ndiyo mara ya mwisho anatabasamu katika mwongozo huu.

Filamu ya pili, *The Devil's Pass Key*, ilitoka 1920, ikasifiwa, kisha ikapotea. Kwa mwanafunzi wa mwongozo huu, filamu iliyopotea ina faida kubwa: hakuna awezaye kusema ilikuwa mbaya.

Hatua ya 5: Jenga Monte Carlo

Mwongozaji wa kawaida anayehitaji mji wa Monte Carlo hutafuta ukuta mweupe, akaweka mtende mmoja. Kwa *Foolish Wives* Stroheim alijenga uwanja mzima wa Monte Carlo ndani ya eneo la Universal huko California, kasino, hoteli na mkahawa wake. Upande unaotazama bahari aliujenga mbali kabisa, kwenye pwani ya Monterey, maana bahari ya studio haikuwa na mawimbi ya kuridhisha. Inasimuliwa pia kwamba alidai kengele za vyumba vya hoteli ziungwe waya zilie kweli. Sinema, nikukumbushe, ilikuwa bubu.

Usicheke upesi. Hapa ndipo penye kiini cha fundisho lote. Mtu aliyeghushi ukoo wake mwenyewe hakuweza kuvumilia kengele ya kughushi. Cheti chake cha kuzaliwa kingeweza kusema lolote, lakini mhudumu wa hoteli anapobonyeza kitufe, kengele ilie! Na katika filamu hiyo hiyo aliigiza nini? Tapeli anayejifanya kabaila wa Kirusi, akinyonya fedha za wanawake wa Kimarekani. Alijiandikia nafasi hiyo mwenyewe, akaicheza kwa uhodari ulioshangaza kila mtu ila, pengine, mama yake.

Gharama zilipanda hadi Universal wakaona aibu, kisha wakaona biashara. Walitangaza kuwa ni filamu ya kwanza kugharimu dola milioni moja, wakaweka bango la taa mjini New York linaloonyesha fedha zinavyozidi kuteketea, na jina la mwongozaji likaandikwa kwa alama ya dola mahali pa herufi S. Stroheim, ambaye hakuwa na tatizo na nyongeza katika jina lake, safari hii alitukanwa.

Aliyetumwa kumzuia ni Irving Thalberg, meneja wa studio, kijana aliyezaliwa 1899, mwembamba, mpole wa sauti, mwenye moyo mgonjwa na kalamu nzima. Thalberg alitishia kumwondoa. Hapo Stroheim alitoa karata yake. Watoto wa mitaani kwetu wanaijua kanuni ya kwanza ya sinema: stelingi hafi. Stroheim aliongeza ya pili: stelingi hafukuzwi. Sura yake ilikuwa tayari imo katika nusu ya filamu. Ukimfukuza mwongozaji, mwigizaji mkuu naye anaondoka, na Monte Carlo nzima inabaki gofu. Thalberg alimeza mate. Filamu ikatoka Januari 1922, baada ya kukatwa sana.

Thalberg hakuwa mtu wa kusahau somo. Katika filamu iliyofuata, *Merry-Go-Round*, Stroheim aliruhusiwa kuandika na kuongoza, kuigiza hapana. Alianza kwa mwendo wake ule ule. Husimuliwa hata kwamba askari wa kasri waliagiziwa chupi za hariri zenye nembo ya mfalme, ambazo kamera isingeziona kamwe. Oktoba 1922 akafukuzwa, na Rupert Julian akapewa kiti chake. Jambo hilo lilitikisa Hollywood yote, kwa sababu hadi siku hiyo mwongozaji alikuwa mfalme kwenye seti yake. Kuanzia siku hiyo mfalme alikuwa mwenye daftari la mahesabu.

Kumbuka kulinda sura yako. Ukikubali kukaa nyuma ya kamera tu, umewarahisishia kazi.

Hatua ya 6: Usikate kitu

Ukishafukuzwa na studio moja, hamia kwa wapinzani wao. Kampuni ya Goldwyn ilimpokea Stroheim, nayo ikamwacha afanye ndoto yake: riwaya ya Frank Norris, *McTeague*, ya 1899, inayomhusu daktari wa meno wa mtaani San Francisco, mkewe aliyeshinda bahati nasibu, na dhahabu inayowala wote. Waandishi wa skripti wengine, wakipewa riwaya, huuliza waondoe nini. Stroheim alikuta Norris ameacha mapengo, akayajaza: akaongeza maisha ya wahusika kabla ya ukurasa wa kwanza.

Alikataa seti za studio. Alipiga picha San Francisco kwenyewe, katika nyumba za kweli. Katika sehemu ya mwisho ya hadithi, wanaume wawili wanakutana jangwani. Studio ilipendekeza vilima vya mchanga vya Oxnard, karibu na nyumbani, ambapo kila jangwa la Hollywood lilikuwa likipatikana. Stroheim aliwapeleka watu wake Death Valley, mojawapo ya mahali penye joto kali kuliko pote duniani, tena katikati ya kiangazi cha 1923. Watu waliugua. Jean Hersholt, aliyeigiza mmoja wa wale wawili, aliishia hospitali. Inasimuliwa kuwa Stroheim, alipotaka hasira zaidi katika pambano la mwisho, aliwahimiza wachukiane kama wanavyomchukia yeye. Hakukuwa na haja ya mazoezi.

Matokeo yalikuwa mikanda 42, zaidi ya saa nane za filamu. Watu wachache walioonyeshwa mapema 1924 waliingia asubuhi wakatoka jioni, na baadhi walisema wameona kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kufanywa. Walisema hivyo baada ya kukaa siku nzima kwenye viti, kwa hiyo tuwaamini. Stroheim mwenyewe, kwa uchungu, alipunguza hadi mikanda kama 24. Rafiki yake, mwongozaji Rex Ingram, akaifikisha 18 na kumsihi asiruhusu ikatwe hata kidole kimoja tena.

Ndipo ulipofika mwaka 1924 na muungano wa makampuni. Goldwyn ikaunganishwa na Metro na kampuni ya Louis B. Mayer, ikazaliwa MGM. Stroheim alipoinua macho kumtazama mkuu mpya wa uzalishaji, alikuwa nani? Thalberg. Filamu ikakatwa hadi mikanda kumi, ikapewa jina la *Greed*, ikaonyeshwa New York Desemba 1924 na kula hasara. Vipande vilivyotolewa viliteketezwa. Husemwa viliyeyushwa ili kupata madini ya fedha yaliyomo ndani ya filamu. Hadithi ya watu wanaoangamizwa na tamaa ya mali iliishia kuyeyushwa ili itolewe mali yake. Hakuna mwandishi wa kejeli angethubutu kubuni mwisho huo.

Sasa tunaweza kuandika kanuni kubwa ya mwongozo huu. Hollywood ilimsamehe Stroheim kila uongo: ukoo, cheo, paa, "von". Alipoleta ukweli wa saa nane, hapo ndipo ilipomtoza.

Mwaka uliofuata, MGM ilimpa *The Merry Widow*, naye akaifanya ikapata fedha nyingi. Tusikae hapo. Mafanikio yatakuchelewesha.

Hatua ya 7: Lete kila kitu Dar es Salaam

Baada ya *The Wedding March* kutwaliwa mikononi mwake na kutolewa 1928, mwalimu wetu alikuwa amebakiza milango michache. Mmoja ulifunguliwa na Gloria Swanson, nyota mkubwa wa wakati huo, aliyetaka kutayarisha filamu zake mwenyewe. Mfadhili alikuwa Joseph P. Kennedy, ambaye mwanawe baadaye alikuwa Rais wa Marekani. Filamu iliitwa *Queen Kelly*, skripti ni ya Stroheim, na kazi ilianza mwishoni mwa 1928.

Nusu ya kwanza iko Ulaya. Binti wa shule ya masista, Kitty Kelly, anapendwa na mwana wa mfalme, naye malkia mwenye wivu anamfukuza kasrini kwa mjeledi. Nusu ya pili iko, shika kiti vizuri, Dar es Salaam. Kelly anapata habari kwamba shangazi yake aliyeko Afrika Mashariki ya Kijerumani yu mahututi. Anasafiri kwenda kumwona na kugundua biashara ya shangazi: danguro. Pale kitandani pa mgonjwa analazimishwa kuolewa na Jan, mlowezi mzee, mchafu, anayetembelea magongo, aliyeigizwa na Tully Marshall. Yumo pia mpishi wa shangazi, aliyeigizwa na Madame Sul-Te-Wan, mwigizaji Mmarekani mweusi wa miaka mingi. Jina la mpishi huyo ni Kali Sana. Angalau hilo halikuokotwa Monte Carlo.

Wasomaji wa Dar watataka kujua kama zile kengele za kweli zilifika kwao. Tulinganishe. Enzi za Wajerumani, Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya koloni tangu 1891. Ilikuwa na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lililokamilika 1902, hoteli ya Kaiserhof pale ilipo leo New Africa, na reli iliyofika Morogoro 1907. Ilikuwa na Wazaramo, Waswahili, Wahindi, Waarabu, masoko na misikiti. Kwa Monte Carlo, Stroheim alijenga kasino, hoteli na mkahawa. Kwa Dar es Salaam, vipande vilivyobaki vinatuonyesha danguro, jasho na giza, na hadithi yenyewe hapo mwanzo iliitwa "Kinamasi". Tunakiri Jangwani ya Dar hujaa maji wakati wa masika, lakini si kiasi hicho.

Mtu aliyejua kifungo cha kila kikosi cha Austria hakuona haja ya kujua mtaa mmoja wa Uzaramo. Ukweli wake ulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulipita Suez. Kwa hili hakuwa peke yake wala hakuwa wa mwisho, kwa hiyo mwanafunzi asijisumbue: ukihitaji mahali pa kumtupa mhusika wako apotee, sema tu "Afrika", na hakuna atakayedai kuona ramani.

Tatizo lilitoka kwingine. Swanson alisema baadaye kwamba alielewa mahali pale ni ukumbi wa dansi, na kila siku ya kupiga picha ukumbi ulizidi kufanana na kitu kingine. Januari 1929, katika tukio la harusi, Marshall, kwa maelekezo ya mwongozaji, alimdondoshea mate ya tumbaku mkononi. Swanson alitoka kwenye seti, akampigia simu Kennedy, akamwambia kwamba kazi ya kuongoza iko mikononi mwa mwendawazimu. Dar es Salaam ya Hollywood ikafungwa kabla Kelly hajawa malkia wa danguro kama skripti ilivyotaka. Zilikwishatumika dola karibu 800,000. Swanson aliibandikia filamu mwisho wa mkato, Kelly akijiua huko huko Ulaya, ikaonyeshwa barani humo mwaka 1932. Vipande vya Dar vilisubiri hadi 1985 ndipo vikarudishwa kwenye toleo lililofufuliwa.

Hatua ya 8: Rudi mbele ya kamera

Jaribio la mwisho la kuongoza lilikuwa *Walking Down Broadway*, ya studio ya Fox, filamu ya kwanza yenye sauti aliyoiongoza. Ilichukuliwa, sehemu kubwa ikapigwa upya na wengine, ikatoka 1933 kwa jina la *Hello, Sister!* bila jina la mwongozaji. Alikuwa hajatimiza miaka hamsini. Hakuongoza tena.

Kuanzia hapo aliishi kwa kuandikia studio maneno ya filamu za watu wengine na kwa kukodisha shingo yake. Ufaransa ilimpokea vizuri. Mwongozaji Jean Renoir alimpa nafasi ya kamanda von Rauffenstein katika *La Grande Illusion*, 1937, kabaila aliyevunjika uti, shingo imeshikiliwa na chuma. Renoir, aliyemwabudu, aligundua kwamba Kijerumani cha bwana mkubwa huyu kimeshika kutu. Kabaila ikabidi akariri.

Mwaka 1943 mwongozaji Billy Wilder alimpa nafasi ya Rommel, jemadari wa Kijerumani, katika *Five Graves to Cairo*. Kwa maelezo ya Wilder, Stroheim alidai kamera zinazoning'inia kifuani mwa Rommel ziwe za Kijerumani, na ndani ziwekwe filamu ya kweli. Nani atajua? Watazamaji watahisi, alijibu. Wilder alipomsifu kwamba alikuwa mbele ya wakati wake kwa miaka kumi, alimsahihisha: ishirini. Usisahau kamwe Hatua ya 2.

Hatua ya 9: Kubali kuwa mtumishi

Mwaka 1950 Wilder alitengeneza *Sunset Boulevard*, hadithi ya nyota wa sinema bubu anayeozea katika jumba lake. Nyota huyo ni Gloria Swanson. Mtumishi wake, Max, anayemfungulia watu mlango na kumwendesha garini, zamani alikuwa mwongozaji wake na mume wake wa kwanza. Max ni Stroheim. Kuna jioni Max anamwonyesha bibi yake filamu ya ujana wake, na inayopita ukutani ni *Queen Kelly*, ile ile iliyofungwa kwa mate ya tumbaku. Wilder alisema kwamba Stroheim ndiye aliyebuni jambo moja la hadithi: barua zote za mashabiki anazopokea nyota huyo huandikwa na Max. Mwandishi wa skripti hakustaafu, alijificha jikoni.

Hakujua kuendesha gari, kwa hiyo lile gari la kifahari lilivutwa huku yeye akishika usukani kwa uso wa mtu anayejua. Kazi hiyo ilimpa uteuzi wa tuzo ya Oscar. Hakushinda, na nafasi yenyewe aliidharau, akiiona ni ya mtumishi tu.

Maswali ya wanafunzi

*Je, uongo wa Hatua ya 1 utagunduliwa?* Ndiyo, lakini kwa mpangilio mzuri utakuwa umeshaondoka. Stroheim alifariki Maurepas, karibu na Paris, tarehe 12 Mei 1957, muda mfupi baada ya Ufaransa kumvika nishani ya Légion d'honneur, nishani ya kweli hatimaye, na imevaliwa upande unaostahili. Daftari la Vienna lilianikwa miaka michache baadaye. Hakuna aliyeomba nishani irudishwe.

*Je, toleo lote la* Greed *linaweza kupatikana?* Wapo wanaoendelea kulitafuta. Wewe ukitengeneza la kwako, ficha nakala kwa shangazi. Asiwe yule wa Dar.

*Nikifuata hatua zote tisa, nitapata fedha?* Fedha zitapatikana. Watazipata waliokufukuza.

*Na tuzo, je?* Ipo. Akademia inayotoa Oscar ina tuzo ya heshima kwa watayarishaji wenye ubora wa kudumu, nayo ina jina la Irving Thalberg. Tuzo ya waongozaji waliofukuzwa bado haijaanzishwa. Siku ikianzishwa, waandaaji wapewe taarifa mapema: hotuba ya mshindi itahitaji saa nane, na hakuna atakayeruhusiwa kuikata.